Shangazi, Mbona Miguu Imejaa?

Mtoto wa kaka akioa, shangazi hatumi salamu. Anakwenda mwenyewe, anafunga kitenge cha sare, anakaa mbele na kupiga vigelegele hadi koo likauke. Ndivyo tulivyolelewa, na ndiyo maana kadi ya harusi ilipofika Mwanza kutoka Tanga, hakuna mtu nyumbani kwangu aliyeniuliza kama nitakwenda. Waliniuliza nitakwendaje.

Walikuwa na haki ya kuuliza. Moyo wangu umetanuka. Presha iliyonianza nikiwa bado nafundisha baiolojia iliunenepesha ukuta wa moyo, kisha ikaulegeza, na kipimo cha eko kikaonyesha kwamba kila pigo linasukuma asilimia 35 tu ya damu iliyojaa kwenye chumba cha chini cha kushoto. Moyo mzima husukuma zaidi ya nusu. Nameza vidonge vyangu, na nyumbani naishi vizuri: nafagia uwanja, napalilia mchicha, nasahihisha madaftari ya wajukuu hata wasiponiomba. Nikiwa nyumbani miguu yangu ni miguu kama ya watu. Nikisafiri inavimba.

Na watu wa aina yangu wamejaa barabarani. Utafiti mmoja mkubwa uliochapishwa mwaka 2012, wa wagonjwa zaidi ya 1,000 wenye moyo ulioshindwa kufanya kazi yake katika nchi 9 za Afrika, ulikuta wastani wa umri wao ni miaka 52, na sababu iliyoongoza ni shinikizo la damu. Ulaya na Marekani wengi wa wagonjwa hawa ni wazee waliokwisha pita miaka 70. Kwetu unamkamata mtu mwenye ada za kulipa, mzigo wa kufuata Kariakoo, msiba wa kuwahi na harusi ya kusimamia. Kwa hiyo ushauri wa kwamba mgonjwa wa moyo atulie nyumbani naupokea kwa heshima, lakini haukutolewa na mtu anayesubiriwa Tanga siku ya Jumamosi.

Nimechora moyo ubaoni miaka na miaka, chaki ya buluu upande wa kulia, nyekundu upande wa kushoto, mishale ikipanda na kushuka. Kitu ambacho silabasi yetu haikugusa ni jinsi figo zinavyodanganyika. Moyo ukisukuma damu haba, figo huipokea ile damu haba na kudhani mwili umeishiwa maji. Zinaanza kubana chumvi, na chumvi ikibaki, maji nayo yanabaki. Maji yale hayana kazi ya kufanya. Yanaongeza shinikizo ndani ya vena, yanapenya kwenye kuta za mishipa midogo na kwenda kutuama chini kabisa: vifundoni kwa mtu anayekaa na kusimama, kiunoni kwa mtu aliyelazwa kitandani siku nyingi. Kuna jambo la pili, nalo ndilo la basi hasa. Damu ya miguuni inahitaji msaada ili ipande. Misuli ya mashavu ya miguu huikamua vena kila unapopiga hatua, na vali ndogo zilizomo ndani huzuia damu isirudi. Kwenye siti hakuna hatua. Kuna ukingo wa kiti unaobana nyuma ya goti, na begi la jirani lililokunyang'anya nafasi ya kunyoosha mguu.

Mtu mwenye afya yake naye huvimba kidogo akikaa siku nzima. Ila yeye akilala usiku mmoja, asubuhi vifundo vimerudi. Mimi nikilala, maji yale yanapanda kutoka miguuni, yanaingia tena kwenye damu na kuukuta moyo ule ule uliochoka. Yakizidi, yanaelekea mapafuni. Ndiyo maana daktari wa moyo, kabla hata hajakutazama miguu, anakuuliza unalalia mito mingapi.

Wiki mbili hivi kabla ya safari nilikwenda kliniki kuuliza habari za kidonge cha maji. Furosemaidi ndiyo kidonge kinachoniokoa, nacho ndicho kinachonitesa nikiwa njiani. Ukikimeza, ndani ya saa moja kinaanza kukutafuta, saa ya pili kinakukimbiza chooni, na kinaendelea hivyo hadi kufikia saa 6 tangu ukimeze. Ukiwa nyumbani ni usumbufu mdogo. Ukiwa ndani ya basi, katikati ya Nzega na Igunga, ni jambo jingine.

Sista wa kliniki alinisikiliza, akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka.

"Mwalimu, usikiache. Wanaoletwa hapa wanahema baada ya sikukuu au msiba, ukiwauliza vizuri, wengi waliacha kidonge cha maji kwa sababu ya basi."

"Sasa nifanyeje, sista? Gari linaondoka saa 12 asubuhi."

"Kidonge hakina saa yake maalumu ukutani. Tumwulize daktari kama unaweza kukisogeza."

Daktari alikubali, kwa kidonge hicho tu. Vingine vikabaki kwenye saa zake. Usiku wa kuondoka niliamka saa 9, nikameza, nikafanya safari zangu za chooni kwa raha zangu nyumbani kwangu, na gari lilipowashwa, makali yalikuwa yamekwisha pungua. Simwambii kila mtu afanye hivyo. Wapo wanaomeza mara mbili kwa siku, wapo ambao figo zao haziruhusu mchezo wowote. Ninachosema ni kwamba swali hili linaulizika, na linapaswa kuulizwa kliniki mapema, si stendi.

Nilibeba na mizani. Watoto wangu walinicheka, mizani ya bafuni kwenye begi la harusi! Lakini lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na mwili unaweza kuficha kilo kadhaa za maji kabla kidole gumba hakijaacha kishimo juu ya kifundo. Nimeagizwa kwamba nikiongezeka kilo 2 ndani ya siku 3, nipige simu, hata kama najiona mzima. Vijana wanaopima uzito stendi kwa sarafu chache nawapenda, ila mizani ya huyu haiongei lugha moja na ya yule, na kwangu kinachosema kweli ni tofauti ya leo na jana kwenye mizani ile ile, asubuhi, nikishatoka chooni na kabla sijaonja chai.

Stendi ya Nyegezi nilimtafuta konda kabla ya kupakia begi. Nilikuwa nimekata siti ya mbele, upande wa njia, karibu na mlango. Nikamvuta pembeni.

"Mwanangu, mimi ni mgonjwa wa moyo. Natumia dawa ya maji. Nitaomba kusimama mara moja au mbili nje ya vituo vyenu. Nakwambia mapema ili nisije nikakupigia kelele njiani."

"Mama, wewe gonga tu. Usijali."

Kijana mwema. Lakini basi ni nchi yenye wananchi wengi, na konda si rais wake. Mwanza hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,100, basi haliruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na kila dakika inayopotea porini dereva hawezi kuifidia kwa mwendo. Abiria wanalijua hilo. Kila mmoja ana anayemsubiri.

Shinyanga tulisimama kama kawaida, nikashuka, nikatembea kuzunguka gari. Tulipoipita Tinde, haja ikanibana tena.

"Konda, mwanangu, naomba kuchimba dawa."

"Mama, si tumetoka Shinyanga sasa hivi?"

"Ndiyo. Na mimi nilikwambia Nyegezi."

Nyuma yangu sauti ya mwanamume ikasema, kwa nguvu ya kutosha nisikie, kwamba kwa mtindo huu tutafika kesho. Mwingine akaguna. Mama mmoja akauliza kwa nini wagonjwa wasipande ndege. Dereva, Mungu amlipe, hakusema neno. Akawasha taa ya kuashiria na kuliweka gari pembeni. Nikajifunga kanga ya pili, nikashuka.

Kumbe nusu ya basi ilikuwa imebanwa. Walishuka wanaume kwa wanawake, na yule bwana wa kufika kesho alikuwa wa kwanza kuvuka mtaro. Yule mama wa ndege alinifuata nyuma ya kichaka changu, akaniomba nimshikie kanga.

Nimelifikiria sana tukio lile, na naamini ndani yake kuna sehemu kubwa ya ugonjwa wetu. Tunavimba kwa sababu ya moyo, ndiyo, na kwa sababu ya siti. Lakini tunavimba pia kwa sababu ya haya. Mtu mzima, mwenye watoto na cheo kanisani au msikitini, hataki kusimamisha gari la watu kwa ajili ya mkojo. Kwa mwanamke ni zaidi: lazima atembee mbali kuliko wanaume, achuchumae kwa vifundo visivyokunjika, na arudi wa mwisho huku honi inapigwa. Kwa hiyo anaacha kidonge. Akishaacha kidonge, na maji ya kunywa anaacha, ili apone kabisa na aibu. Jua la Singida linamkausha huku miguu yake inajaa. Daktari wangu alinipa kipimo cha lita moja na nusu kwa siku, nami nakibeba kwenye chupa ninayoiona inavyopungua. Kutokunywa kabisa kunaitesa figo, kunaleta kizunguzungu ukisimama, na kunaifanya damu iwe nzito.

Damu nzito kwenye mguu usiotembea ni hatari inayojitegemea. Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti mwaka 2007 kwamba safari ya kukaa saa 4 au zaidi huongeza karibu maradufu uwezekano wa damu kuganda kwenye vena za miguu, na si kwenye ndege peke yake. Basi, gari dogo na treni vimo. Uwezekano wenyewe ni mdogo kwa mtu mzima wa afya. Kwa mwenye moyo dhaifu ni mkubwa zaidi. Ndiyo maana naitazama miguu yangu miwili kwa pamoja. Ikivimba yote sawasawa, bila maumivu, naijua hiyo, ni ya moyo na siti. Ukivimba mmoja peke yake, ukawa wa moto, unauma kwenye shavu, hapo sisubiri kufika. Nashuka kwenye mji wenye hospitali.

Nikiwa kwenye siti nanyanyua visigino, nashusha, nanyanyua vidole, nashusha. Kijana wa siti ya pili aliniangalia kwa muda mrefu, akauliza, "Mama, unashona?" Nikamwambia nashona ndiyo, cherehani yangu iko ndani ya mguu. Baada ya Igunga na yeye alikuwa anashona.

Igunga ndipo alipopanda mzee mmoja akakaa kando yangu. Raba zake hazikuwa zimefungwa kamba, na soksi zilikuwa zimemchora mstari mzito katikati ya mguu. Soksi za kawaida zenye mpira mkali juu zinafanya hivyo. Zinazuia njia ya juu na kuacha kila kitu chini. (Zipo soksi maalumu za kubana zinazoanzia kwenye unyayo, na zinawafaa baadhi ya watu, lakini daktari alipapasa kwanza mapigo ya damu juu ya unyayo wangu kabla ya kuniruhusu, kwa sababu mwenye mishipa ya ateri iliyoziba zinamdhuru, na mtu ambaye mapafu yake yamekwisha anza kujaa haziwezi kumsaidia.) Mzee aliongea kwa vipande, anasema, anavuta pumzi, anasema.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Unafika wapi?"

"Tanga, nikijaliwa. Wewe?"

"Dodoma. Kwa mwanangu."

Tukaongea habari za mvua na pamba. Mwisho macho yake yakaangukia sendo zangu za mikanda, ambazo nilikuwa nimezilegeza tundu mbili.

"Na wewe miguu?"

"Na mimi, baba. Moyo."

Akafungua mfuko wa nailoni, akanionyesha vidonge vyake. Tulikuwa na kimoja kinachofanana. Akaniambia hicho amekiacha tangu juzi. Nikamwuliza kwa nini, ingawa jibu nilikuwa nalijua.

"Mama, mtu mzima mimi, nitasimamishaje gari la watu?"

Nikamwuliza usiku analalaje. Akasema hajalala, amekaa kwenye kiti, maana akilala anakabwa. Sikumwambia ameze pale pale. Mimi ni mwalimu, na mtu aliyefika hatua ya kulala amekaa anahitaji kuonwa, si kupewa mawaidha na abiria mwenzake. Nilimwomba ampigie mwanawe simu ili wakifika wapitie hospitali kwanza. Alisitasita, akapiga, akamwambia mwanawe kwamba kuna mama hapa ana wasiwasi mwingi. Nilimwona mara ya mwisho stendi ya Dodoma, mwanawe kamshika mkono, wanabishana.

Kabla ya hapo tulisimama Singida kula. Huwa nashangaa jinsi vyakula vya njiani vinavyokubaliana dhidi yangu. Chipsi zimenyunyiziwa chumvi zikiwa jikoni na utaongezewa mezani. Mayai ya kuchemsha yanauzwa na kifuko chake cha chumvi. Mahindi ya kuchoma yanapakwa chumvi na pilipili, korosho zina chumvi, supu usiseme. Mtu mzima anatakiwa asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa kila kitu alichokula tangu asubuhi. Sahani moja ya kuku wa stendi inakula sehemu kubwa ya kijiko hicho, na baada ya saa chache kiu inakufanya unywe, na ulichokunywa kinajua pa kwenda. Nilibeba viazi vitamu vya kuchemsha, ndizi mbivu na karanga nilizokaanga mwenyewe bila chumvi. Sitadanganya kwamba harufu ya mishikaki haikunisumbua.

Hapo ndipo mama mmoja mwenye huruma aliponiona nimekaa nimeegemeza miguu juu ya begi, akafungua pochi na kunipa kidonge cha diklofenaki. "Meza hiki dada, maumivu yote kwisha." Nilimshukuru na kumrudishia. Diklofenaki, ibuprofeni na jamaa zake zinawaponya watu magoti na viuno, nasi tunazinunua dukani bila kuuliza. Kwa mgonjwa wa moyo zinaziambia figo zibane chumvi na maji, tena zinapunguza nguvu ya kile kidonge cha maji ulichoamkia saa 9 usiku. Hata ile poda ya povu ya kutuliza gesi tumboni imejaa sodiamu. Ukisafiri na moyo kama wangu, wema wa watu unakuwa mmoja wa hatari za barabarani, na kuukataa bila kumvunja mtu moyo ni kazi.

Dodoma nililala. Vijana wa nyumbani walitaka niunganishe moja kwa moja, kwa kuwa siku hizi mabasi yanatembea usiku, lakini kulala kitandani ndiyo dawa ambayo basi halina. Nilipanga mito miwili kichwani na mmoja chini ya vifundo. Kuinyanyua miguu juu sana, kichwa kikiwa chini, sikujaribu. Maji yakishuka yote kwa mkupuo yanautafuta mfumo wa kupumua. Asubuhi mizani ilisema nimeongezeka kidogo, chini ya kilo moja. Nikameza kidonge kwa wakati wake, nikasubiri, ndipo nikaenda stesheni.

Treni ya SGR ilizinduliwa rasmi mwaka 2024 kwa safari za Dar es Salaam na Dodoma, na sifa zake zote zilizoimbwa ni za mwendo. Mimi naisifia kwa ujia wake. Unasimama unapotaka, unatembea behewa hadi behewa, choo kipo na hakuna anayeguna. Morogoro ilipopita nilikuwa nimetembea kuliko siku nzima iliyotangulia, na nilishuka Dar na sendo zimefungwa tundu zake za kawaida. Kwa kuwa nilikuwa njiani, nilipitia Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale Muhimbili, kwenye miadi niliyoomba mapema ili iangukie siku hiyo. Walipima, wakasikiliza mapafu, wakaniambia niende nikacheze ngoma, ila nisicheze sana.

Tanga ilinipokea kwa kilicho bora chake. Nyumba ya wakwe zetu wapya ilikuwa imetandikwa mikeka ukumbi mzima, na wanawake wamekaa miguu imekunjwa kiubavu, kanga zimeteremshwa hadi vidoleni. Kukunja mguu hivyo kwa saa nzima kunakata njia ya damu gotini. Kuunyoosha mbele ya wakwe ni utovu wa adabu. Nilikunja, nikavumilia, nikaona kifundo kinapanda juu ya ukosi wa sendo. Binti mdogo aliyekuwa akigawa maji ya kunawa ndiye aliyelisema.

"Shangazi, mbona miguu imejaa?"

Ukumbi ukanyamaza kwa adabu, ambayo ni mbaya kuliko kelele. Kisha tafsiri zikaanza. Mmoja alinong'ona kwamba huenda nimekanyaga kitu, na ndani ya harusi kila mtu anajua kitu hicho ni kitu gani. Mwingine alitaja matende, maana pwani ugonjwa huo wanaujua vizuri. Nikamweleza kwamba matende mara nyingi huegemea mguu mmoja na ngozi yake huwa ngumu, na nikambonyeza mwenyewe kidole chake kwenye kifundo changu ili aone kishimo kinavyobaki. Walimu hatustaafu. Kabla sijamaliza somo, nyanya wa bibi harusi, ambaye hakuwa amesema neno tangu nifike, aliamuru kiti kiletwe, na kigoda, na mto juu ya kigoda. "Mgeni ainue miguu. Nani kasema adabu iko magotini?" Baada ya hapo wanawake wengine wawili wakanyoosha ya kwao.

Mmoja wao, mama mkubwa wa bibi harusi, alinifuata jioni faragha. Vifundo vyake navyo vimevimba, moyo wake umepimwa na ni mzima, na amekwisha tumia pesa nyingi kwa waganga. Nikamwuliza anameza nini cha presha. Alikuwa anameza amlodipini. Dawa hiyo ni nzuri na inaokoa watu wengi, lakini kwa baadhi inalegeza mishipa midogo kiasi kwamba maji yanavuja vifundoni, bila kosa lolote la moyo. Nilimsihi asiiache kwa kauli yangu. Arudi kwa daktari wake akaitaje kwa jina. Inaweza kupunguzwa au kubadilishwa.

Chakula nilikipanga kwa simu kabla sijatoka Mwanza. Wifi yangu aliniahidi sufuria langu dogo pembeni, na alitimiza, ingawa wali wa nazi usio na chumvi ni mtihani ambao ndimu zote za Tanga haziwezi kuusahihisha. Ugali ulinisaidia zaidi, maana hauna chumvi tangu mwanzo na hakuna anayeona unakataa kitu ukiula. Mpwa wangu mwingine aliniletea kutoka Dar chupa ya chumvi ya wagonjwa, amelipia ghali. Nikaisoma: potasiamu. Mimi nameza spironolaktoni, ambayo yenyewe inabakiza potasiamu mwilini, na ikizidi inavuruga mapigo ya moyo. Nilimkumbatia kijana, chupa nikaiacha mezani kwa wengine, wala sikumweleza. Siku ya harusi ya ndugu yake hakuhitaji kujua.

Siku ya tatu mizani ilipanda kilo moja na nusu. Nikala ugali na mchicha, nikakataa pilau la marudio, nikashinda nimeinua miguu kwenye kigoda cha bibi, na asubuhi iliyofuata ilikuwa imeshuka. Simu ya kliniki haikupigwa, ila namba ilikuwa juu kabisa kwenye simu yangu, na kaka alionyeshwa.

Sasa naambiwa kuna kipaimara Bukoba, na tiketi naikata wiki hii. Njia hiyo imebadilika. Zamani ukifika Kigongo basi lilisimama kungoja kivuko, na abiria wote tulishuka, tukatembea, tukasimama kwenye pantoni na upepo wa ziwa, tukapanda tena upande wa Busisi. Watu waliichukia foleni ile, wengine walikaa saa nyingi na wagonjwa wao ndani ya gari. Juni 2025 daraja lilifunguliwa, kilomita 3 juu ya maji, na unavuka kwa dakika chache bila kunyanyuka kwenye siti. Nimefurahi na taifa zima. Lakini nimekwisha mwambia karani wa tiketi aniandikie jina la konda, ili nimwombe gari lisimame Sengerema.